Mbegu za Mdogo Wangu

26 Februari

Kitabu hiki ni cha kazini. Kina safu ya usomaji uliopita, safu ya usomaji wa sasa, na pembeni nafasi nyembamba ya maoni. Nilitoka nacho siku niliyostaafu, na kwa miaka minne kimekaa juu ya kabati bila shughuli, kama mimi. Leo nimekipa kazi.

Miaka thelathini na moja nilisoma mita za maji. Nimeingia nyua nyingi za watu kuliko mwizi yeyote wa mji huu. Nilijua bomba la nani linavuja, mbwa wa nani anabweka tu na wa nani anauma kweli. Watu waliniita Bwana Mita. Nilisoma namba, nikaandika, nikaenda zangu. Nadhani hata hapa nyumbani niliishi hivyo hivyo.

Leo wiki ya tano tangu dada afariki. Wageni wa msiba wamekwisha na viti vya kuazima vimerudishwa. Tumebaki mimi na friji, na mwenye maneno ni friji.

27 Februari

Chini ya kitanda cha dada nimekuta kopo la biskuti. Ndani mna bahasha ishirini na mbili alizozikunja kwa karatasi za kalenda kuukuu. Ni mbegu za bustani yake. Mtu mwingine angeandika juu yake mchicha, bamia, biringanya. Dada hakuandika mmea, aliandika aliyempa. "Za dereva wa gari la taka." "Za mwalimu wa hesabu." "Za yule mama aliyekosea nyumba." Mwenyewe alijua kila moja ni nini. Mimi nimebaki nazigeuzageuza tu.

Ya chini kabisa imeandikwa: "Za mdogo wangu." Nikakaa kitandani kwake. Mdogo wake ni mimi, tulizaliwa wawili tu. Na sijawahi kumpa dada mbegu hata moja. Nilichompa mimi ni fyekeo.

28 Februari

Ngoja niandike yote, maana hapa hakuna wa kunikatiza.

Nyuma ya vitalu vyake dada alikuwa na pembe asiyoigusa. Nyasi ndefu, maua ya porini, rundo la matawi yanayooza, na beseni la maji lililozikwa nusu. Alisema ile ni nyumba ya vibarua wake: vyura wanaokula konokono, nyuki wanaoshughulikia maua, ndege wanaookota viwavi. Dawa ya kupulizia hakuwahi kuinunua. Yeye aliona vibarua, mimi niliona uchafu. Mei mwaka jana alikwenda kliniki, nikaona mkia wa nyoka pale. Au wa mjusi, sasa siwezi kuapa. Nikachukua fyekeo. Kufikia saa nane nilikuwa nimefyeka hadi udongo na kuchoma matawi. Ndani mlikuwa na kiota. Nilikiona baada ya moto.

Dada akarudi, akasimama pale, kisha akaingia ndani. Hakunigombeza. Nilingoja aanze yeye, naye alingoja niseme samahani, na kwa ukaidi sote tumenyonya ziwa moja. Miezi minane hatukusemezana. Alipika, akafunika, nikala kwa saa yangu. Januari, asubuhi moja, alikaa kwenye ngazi ya jikoni kuvaa viatu vya bustani na hakuinuka tena.

Kwa hiyo nataka kujua jambo moja tu. Kama bahasha ile ni ya kabla ya ukimya wetu, basi ni kumbukumbu ya siku tulipokuwa tukipatana. Kama ni ya baada yake, basi hakuondoka akinichukia. Bahasha haina tarehe. Ndani mna mbegu tano.

2 Machi

Mvua ya kwanza. Nimezipanda zote tano. Nimezungushia vijiti nisije nikazikanyaga mwenyewe.

3 Machi

Hakuna.

4 Machi

Hakuna.

6 Machi

Hakuna. Nimeenda kutazama mara saba. Mita haijazunguka.

9 Machi

Usomaji wa sasa: tatu! Vijani viwili viwili, vyembamba kama uzi, kofia za mbegu bado ziko kichwani. Nilipiga kelele peke yangu uani, kisha nikatazama huku na huku kama kuna aliyesikia.

Mpwa wangu, binti wa dada, hupiga simu kila Jumapili kutoka anakoishi na mumewe.

"Mjomba, umekula?"

"Nimekula."

"Umeongea na nani leo?"

"Na wewe."

"Mbali na mimi?"

Nimemwambia mtandao unakatika.

13 Machi

Miwili imeliwa. Mvua ilikesha, na asubuhi nikakuta njia za ute zinang'aa juu ya udongo, na mahali pa miche miwili vimebaki vishina kama vijiti vya kiberiti. Konokono wale wasio na nyumba. Nimehesabu kumi na tisa chini ya ubao mmoja. Zamani sikuwa nawaona hivi. Kulikuwa na vyura wa kuwala, na vyura walikuwa wakilala kwenye matawi, na matawi niliyachoma mimi. Majuto ni mjukuu, sawa, lakini mjukuu huyu kaja mapema na kaja na mizigo.

Umebaki mmoja. Nimekata chupa ya plastiki nikaufunika. Nimekaa karibu yake juu ya ndoo mpaka jua likawa kali. Nilisema samahani. Sijui nilimwambia nani.

16 Machi

Jumapili. Nimekula, nimeongea na wewe, mtandao unakatika.

Ng'ambo ya ua wa miti anaishi fundi wa nguo, mama aliyekuwa shoga wa dada. Cherehani yake naisikia tangu asubuhi. Hatusemezani. Siku ya mazishi alinijia akaniambia, "Kaka, mwenzio alikuwa anangoja neno moja tu." Nikamjibu kuwa mambo ya familia yetu hayamhusu. Akaenda kuosha vyombo vya msiba na wengine. Namwona ni mmbea. Ana jicho la kupitia kwenye majani.

19 Machi

Mche umetoa majani ya kweli. Nimeyasugua kidogo, nikanusa vidole. Nyanya. Lini mimi nilimpa dada nyanya?

24 Machi

Sentimita kumi na moja.

25 Machi

Mvua. Sentimita kumi na moja na nusu. Nimepika ubwabwa mwingi mno tena. Bado napima wa watu wawili.

2 Aprili

Tangu Januari sijagusa ile pembe. Mwanzoni ilikuwa uvivu, sasa ni makusudi. Nyasi zimefika magotini. Nimekokota matawi makavu kutoka kwenye korongo la barabarani nikayarundika palepale palipokuwa na rundo lake. Beseni nimelizika upya. Watu wawili waliopita wamenitazama kama mtu aliyerukwa na akili. Nimewapungia mkono.

11 Aprili

Sentimita thelathini na nane. Nimeusimikia mti wa kuegemea na kuufunga kwa kitambaa laini, alivyokuwa akifunga yeye. Kumbe nilikuwa nikimtazama.

13 Aprili

Mpwa anataka nihamie kwake mvua zikiisha. "Hapo unakaa na nani, mjomba?" Nikamwambia nina mgonjwa ninayemuuguza. Akauliza kwa sauti ya chini kama nalala vizuri.

21 Aprili

Maua manne ya njano.

24 Aprili

Maua matatu yameanguka bila kushika. Niliyaokota nikayaweka kiganjani. Dada alikuwa akisema ua la nyanya linataka kutikiswa, na kazi hiyo ina wenyewe. Leo wenyewe hawapo. Nimejaribu kugonga vikonyo kwa kidole, polepole. Mtu mzima nimeinama uani nikibembeleza ua, na cherehani ya jirani imenyamaza. Alikuwa akinichungulia, naapa.

27 Aprili

Amekuja nyuki mkubwa mweusi. Ametoka upande wa nyasi, akalishika ua kwa miguu yote, akalitetemesha kwa mvumo mzito kama mtu anayekung'uta shuka. Kisha lingine. Nilitaka kumwambia mtu. Ilikuwa Jumapili, mpwa akapiga, nikamsimulia habari za nyuki kwa dakika kumi. Hakuuliza kama nimekula.

4 Mei

Zimeshika tano, kila moja kama punje ya pilipili manga. Na jioni nimemwona chura kwenye beseni, mmoja, mnene, ameketi kama mwenye nyumba. Sijamsogelea.

5 Mei

Mvua.

6 Mei

Mvua.

7 Mei

Mvua. Matone juu ya bati hayanipi nafasi hata ya kusikia friji.

10 Mei

Mvua. Leo mwaka mmoja tangu siku ya fyekeo. Nimekwenda chumbani kwa dada nikasema maneno niliyopaswa kuyasema siku ile. Yalikuwa machache sana. Hayakuchukua hata nusu dakika, na mimi niliyaweka miezi minane.

17 Mei

Mabaka. Majani ya chini yana madoa meusi yenye ukungu mweupe kwa nyuma. Ni ugonjwa wa mvua, ule unaomaliza shamba la nyanya kwa wiki moja. Nyanya moja imeshaoza upande. Zimebaki nne, mbichi kabisa, na kama mche ukifa kabla ya tunda kukomaa hakutakuwa na mbegu. Niliyakata majani mabovu nikayatia kwenye mfuko.

18 Mei

Nimekwenda dukani nikanunua dawa ya kupulizia. Muuzaji alisema inaua kila kitu, akalisema hilo kama sifa. Nimechanganya kwenye bomba la mkono, nimevaa shati la mikono mirefu, nimesimama mbele ya mche. Ndipo ua wa miti ukasema.

"Kaka, usipulizie hiyo."

"Mambo ya—" Nikaanza, nikaishia hapohapo.

"Ukipuliza hapo, huyo chura wako asubuhi utamkuta kageuka tumbo. Na wale nyuki je? Umewangoja miezi yote hii."

"Nyanya inakufa, Fundi!" Nilipaza sauti kuliko nilivyokusudia. "Imebaki mche mmoja! Nifanye nini sasa, niitazame tu?"

"Mmoja? Ulipanda ngapi?"

"Tano."

"Na ulikuwa nazo ngapi?"

"Tano."

Kisha akasema, "Ulipanda zote? Eh, kaka. Dada yako asingepanda zote hata angeambiwa kesho ni kiyama. Kila mara anabakiza." Nilidhani atacheka. Hakucheka. Akauliza mche ni mpana kiasi gani na urefu wake. Hilo swali nililiweza. Nikamsomea kutoka kitabuni: sentimita mia moja na arobaini kwenda juu, sitini upana.

Cherehani imelia mchana kutwa. Saa kumi na moja alipita getini, mara ya kwanza tangu msiba, na nailoni nzito inayoonyesha aliyoishona kama mwavuli wa pembe nne, pindo zimekunjwa, matundu ya kamba yamezungushiwa uzi. "Ugonjwa huu unapenda jani lililolowa," alisema. "Tulinyime maji ya juu, tuone." Tukasimika miti minne tukaifunga. Mvua ikaanza tukiwa tumeshika kamba. Tuliloa sisi, nyanya haikuloa.

Nimemshukuru. Alisema, "Mimi sikushonea wewe." Nimeona ni jibu la haki.

19 Mei

Dawa nimeipeleka kuirudisha dukani. Muuzaji amekataa kuipokea. Nimeifungia stoo.

22 Mei

Mabaka mapya mawili tu. Mvua juu ya nailoni ina mlio mwingine.

25 Mei

Jumapili. "Umeongea na nani leo, mjomba?" "Na Fundi, ng'ambo." Akapiga kigelegele cha utani.

29 Mei

Siku nne bila baka jipya. Moja imeanguka, imetobolewa na ndege. Siku nyingine ningemtupia jiwe. Zimebaki tatu.

3 Juni

Fundi huja asubuhi kabla ya kazi, anakagua mafundo ya kamba, anaondoka. Mmbea nilimwita. Nimesoma ukurasa ule wa Machi nikaona aibu, lakini sitaufuta. Msoma mita hafuti usomaji.

8 Juni

Leo imekuwa siku ndefu, mkono unauma kwa kuandika.

Nyanya mbili zimeanza kugeuka rangi, ya tatu bado kijani. Si nyekundu, ni za rangi ya chungwa, na juu mabegani zina mistari. Fundi alikuja, akainama, akaigusa moja kwa mgongo wa kidole, akakaa chini kwenye ndoo yangu bila kukaribishwa.

"Ndiyo hii," akasema. "Nilijua ni nyanya, lakini sikuthubutu kudhani ni hii. Ulizitoa kwenye bahasha gani?"

"Imeandikwa za mdogo wangu. Na mimi sikuwahi kumpa mbegu."

"Hukumpa mbegu. Ulimpa nyanya. Ule mwaka alioshikwa na homa, siku tatu hajainuka, ukaenda sokoni ukaleta mfuko. Hukumbuki?"

Sikumbuki. Hata sasa ninapoandika sikumbuki.

"Alinionyesha kama mtu aliyeletewa dhahabu. Na zilikuwa zile nyanya za kusafirishwa, ganda kama mpira! Yeye aliyetukataza sote: mbegu ya nyanya ya kununua msiweke, watoto hawafanani na mama yao. Nikamwambia, mbona wewe unaweka? Akasema, 'Hizi kaleta mdogo wangu bila kuombwa. Haijapata kutokea, na huenda isitokee tena.'"

Fundi alicheka. Mimi sikuweza.

"Basi kila mwaka anapanda miche kumi na kitu, kila mmoja unazaa kivyake, na anachagua. Unajua alichaguaje? Kwa sahani yako."

"Sahani yangu vipi?"

"Meno yako si mabovu? Ganda likiwa gumu unalitema, unalipanga pembeni ya sahani. Leo anakukatia ya mche huu, kesho ya mche ule. Ukiacha maganda, mche huo hauchukui mbegu. Alikuwa anakutafutia nyanya utakayoila yote."

Nilikuwa nimeshika kamba ya nailoni. Niliendelea kuishika. Nikamuuliza lile jambo moja. "Mwaka jana je? Baada ya Mei?"

"Mwaka jana ndio alizidisha." Alinitazama usoni. "Mlikuwa hamsemezani, lakini sahani yako ilikuwa inasema. Alikuwa ananiletea hapo kwenye ua wa miti. 'Tazama, Fundi, leo kaacha mawili tu.' Novemba akaja mbio, viatu vya bustani hivyo hivyo, ananinyooshea sahani tupu. 'Kala yote!' Mche wenyewe ulishachoka, tunda lilikuwa hilo moja la mwisho, na mbegu karibu zote umezimeza wewe. Akaokota tano zilizobaki kwenye kibao cha kukatia."

Nililia, acha niandike hivyo hivyo. Nililia uani, mchana, mbele ya mtu niliyemwambia hayamhusu. Fundi hakusema pole. Alikaa kwenye ndoo mpaka nilipomaliza, kisha akasema ana gauni la watu la kumalizia.

Novemba. Mwezi wa sita wa ukimya. Mimi nikidhani ndani ya nyumba hii hakuna anayenitazama.

9 Juni

Nimemwomba Fundi msamaha kwa lile neno la mazishini. Imenichukua chini ya nusu dakika.

12 Juni

Mvua zimepungua. Nimemwambia mpwa sihami. Amesema alishajua.

15 Juni

Nyanya mbili zimeiva hadi kulainika. Ya tatu imebaki mtini.

Fundi alinifundisha: usikate kwa pupa, kata katikati, kamua mbegu na majimaji yake kwenye glasi, ongeza maji kidogo, acha siku tatu mpaka ute uachie, osha, anika kwenye sahani bapa wala si kwenye karatasi. Nimezikamua zote mbili. Glasi imejaa mbegu, nimeiweka dirishani. Kibao cha kukatia nimekikagua mara mbili.

Kisha nikazikata zile nyama zilizobaki vipande, nikatia chumvi kidogo, nikakaa mezani kwa saa yake, si kwa saa yangu. Ni chachu kidogo mwanzoni, halafu utamu unakuja nyuma. Ganda nililitafuta kwa ulimi. Lilikuwepo, jembamba, likakatika lenyewe. Nikala kipande cha pili, cha tatu, nikamaliza.

Sahani ilikuwa tupu kabisa. Nilisimama nayo jikoni sijui pa kuipeleka. Sinki lilikuwa pale pale, lakini sikuweza kuiosha. Nikatoka nayo hivyo hivyo, nikazunguka hadi getini kwa Fundi. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa amepinda juu ya cherehani, akainua kichwa, akaiona sahani, akauondoa mguu kwenye pedali.

Alisimama, akaipokea kwa mikono miwili, akaitazama.

"Kala yote," akasema, na hakuwa akiniambia mimi.